Aneurizimu ya ateri ya shingo: upasuaji au stenti?

Binti_Mkubwa: Habari za humu ndani. Mama amepigwa CT, amekutwa na aneurizimu (ukuta wa mshipa umetanuka kama puto) ya karotidi, ateri kubwa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, upande wa kushoto. Ukigusa chini ya taya unasikia uvimbe unadunda. Daktari mmoja anataka apasuliwe, mwingine anasema stenti, yaani kijibomba kinachowekwa ndani ya mshipa. Mama anaogopa kisu. Kipi bora?

Tabibu_K: Pole sana, dada. Uvimbe wa hapo kupasuka ni nadra. Kinachonitisha mimi ni damu kuganda humo ndani, kisha bonge limegeke lipande kwenye ubongo. Hapo ni kiharusi. Upasuaji wa wazi ndio uliotumika miaka mingi zaidi: kipande kibovu kinakatwa, ncha zinaungwa, au panapachikwa vena ya mguuni. Ubaya wake ni neva za ulimi na za sauti zinazopita palepale. Zikivutwa, mgonjwa anaamka sauti imekauka au ulimi umeenda upande. Wengi hupona baada ya wiki au miezi, ila si wote.

Nesi_Zamu: Stenti yenye kitambaa inapitishwa kutoka kwenye paja, shingo haiguswi. Naipendelea uvimbe ukiwa juu karibu na fuvu, au shingo ikiwa imeshapasuliwa au kupigwa mionzi. Lakini baadaye ni aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, bila kuruka siku, na zinaweza kufanya vidonda vitoke damu. Mama ana vidonda vya tumbo?

Binti_Mkubwa: Hana. Uvimbe uko chini, karibu na mahali karotidi inapogawanyika. Ila amekuwa na homa za kuja na kuondoka.

Tabibu_K: Homa hiyo daktari aijue leo hii! Kama uvimbe umeletwa na bakteria, stenti ni kuacha kitu kigeni ndani ya maambukizi. Hapo ni antibiotiki na kukata. Hata kama hakuna maambukizi, uvimbe wa chini hivyo unafikika vizuri kwa kisu, na mimi ningeelekea huko. Na mtu asiuchome sindano akidhani ni tezi.

Nesi_Zamu: Homa sikuijua. Nakubaliana na Tabibu.

Msomaji_Kimya: Ulizeni pia kama damu ya upande wa pili inautosha ubongo karotidi ikibanwa. Daktari mpasuaji Astley Cooper alipoifunga kabisa kule London mwaka 1805, mgonjwa alifariki. Wa 1808 akapona. Siku hizi hilo linapimwa kabla.

Binti_Mkubwa: Asanteni. Nampigia daktari sasa hivi kuhusu homa.