MREJESHO: Darasa la kuongea Kiingereza pamoja na maadili

Wakuu, niliwahi kuomba ushauri hapa. Nafundisha Kiingereza cha kuongea chuo kikuu, nikatakiwa niingize na maadili, lakini kila nikianza nasaha darasa linakuwa kimya. Wengi mlisema nipunguze kuongea mimi. Nimefanya hivyo muhula mzima.

Nilianza na kisa cha Heinz, alichokitumia mwanasaikolojia wa Marekani Lawrence Kohlberg kwenye utafiti wake wa maadili wa 1958: mke yuko mahututi kwa saratani, mfamasia anauza dawa mara 10 ya gharama ya kuitengeneza, mume, Heinz, anavunja duka na kuiiba. Je, alifanya sawa? Makundi ya watu wanne, kila mtu dakika 2 bila kukatizwa, mimi nyuma na daftari.

Kuna binti alikuwa hafungui mdomo kabisa. Siku hiyo alisimama, akakosea kitenzi, akajirekebisha mwenyewe, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyetaka kujua mke mwenyewe anasemaje. Darasa zima likataka kumjibu kwa pamoja. Nilisisimka, sifichi.

Makosa naandika ubaoni mwishoni, bila majina. Alama natoa kwa hoja na kwa kusikiliza, siyo kwa upande aliochagua mtu; hapo ndipo woga ulipotoka.

Bado mjadala ukipamba moto wanarukia lugha yao. Nawaachia dakika moja, halafu wanarudia hoja ileile kwa Kiingereza. Siku hizi visa wanaleta wenyewe: wiki hii ni mwenzao aliyeandikwa kwenye kazi ya kikundi bila kushiriki.