Msaada wakuu: mkanda gani wa picha nibebe Unguja na Pemba mwezi wa kwanza?

Mdau_wa_Moro
Wakuu habari za jumapili. Mwezi wa kwanza Mungu akipenda naenda Unguja na mke wangu halafu tuvuke Pemba, na nimeamua simu ibaki ya kupigia tu, picha zote nipige kwa mkanda. Kamera ni Pentax K1000 na lenzi yake ya 50mm f/2, iko vizuri, shata inaishia 1/1000 ya sekunde. Sasa kwenye mkanda ndo nimekwama maana kila ninayemuuliza ana lake, mmoja anasema Ektar 100 kwa ajili ya rangi ya bahari, mwingine Portra 400, mwingine ananiambia niende slaidi kabisa, ile mikanda ya kutazamwa juu ya taa, ndo zinatoa ile bluu ya kadi za posta. Ninachotaka kupiga ni bahari ya Paje na kina mama wa mwani, vichochoro vya Mji Mkongwe, kima punju wa Jozani, Forodhani usiku, na zaidi ya vyote mke wangu, yeye ni mweusi haswa na nataka atoke alivyo, nimechoka kuona picha za beach bahari imetoka safi halafu mtu ni kivuli. Mikanda ananiletea shemeji kutoka London mwezi wa 12. Na joto la kule je, haliharibu?

BintiShangani
Karibu sana kwetu kaka. Mimi nitakwambia Kodak Gold 200 ndo iwe mkanda wako mkuu, sio kwa sababu ya bei tu, ni kwa sababu ya lile jua. Hesabu ya zamani inasema kwenye jua kali weka f/16 (f ni tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) na spidi ya shata iendane na ASA ya mkanda, yaani ile namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga, kwa hiyo ukiweka 400 pale Paje mchana uko f/16 kwa 1/500, ukitaka kufungua lenzi hadi f/4 ili nyuma yake kufifie unahitaji 1/8000 na kamera yako haina. Ukiwa na 200 unapumua kidogo.

Ila mkanda wowote utakaobeba, hiyo shida ya mtu kuwa kivuli inatoka kwenye kupima mwanga. Mita ya K1000 inachukua wastani wa kila kinachoonekana ndani, na mchanga wa Paje ni mweupe kama unga, sasa ile sindano ya mita ya pembeni kulia inapanda juu, wewe unapunguza tundu la lenzi ili irudi katikati, tayari umeshamnyima mwanga mkeo. Fanya hivi: msogelee mpaka uso wake ujae kwenye kioo cha kutazamia cha kamera, pima hapo, weka f na spidi, kisha rudi nyuma upige na sindano usiiangalie tena hata ikipanda vipi. Kwa mtu mweusi sana kipimo cha usoni kitakupa mwanga mwingi kidogo kuliko wa kawaida na negativu, yaani mikanda ya kawaida kama hiyo Gold, inaupokea vizuri tu, mchanga utakuwa mweupe zaidi lakini macho, mashavu, mng'ao wa ngozi, vyote vitakuwepo.

Halafu mwezi wa kwanza jua la saa sita liko karibu utosini, linatia giza kwenye macho. Mpige asubuhi kabla ya saa tatu au jioni kuanzia saa kumi, au mchana mweke kwenye ukingo wa kivuli cha makuti huku mchanga wa jua uko mbele yake, ule mchanga unamrudishia mwanga usoni kutoka chini, hapo ndo utaona rangi yake halisi. Kina mama wa mwani utawakuta maji yakiwa yametoka, hasa siku za bamvua, na tafadhali toa salamu uombe ruhusa kwanza, wale wako kazini.

Mzee wa Chumba cha Giza
Binti kasema kweli, naongezea hapo kwenye slaidi. Slaidi kama Velvia 50 au Ektachrome E100 ni nzuri mno ukiitazama juu ya taa, lakini haisamehi, ukikosea stopu moja tu (yaani mwanga kuwa mara mbili au nusu ya unaotakiwa) picha imeondoka, na kwenye mchanga mweupe, bahari na uso mweusi kwa pamoja tofauti ya mwanga ni kubwa kuliko slaidi inavyoweza kubeba. Utachagua kimoja, bahari au mkeo. Negativu ya rangi unaweza kuizidishia stopu mbili ikakubali. Tena slaidi inasafishwa kwa dawa za E-6 wakati studio zetu zilizobaki zinasafisha C-41, dawa za negativu za rangi, usije ukarudi na mikanda ukakosa pa kuipeleka.

Ektar 100 kwa bahari na mashua sina ubishi, chembe zake ni ndogo sana. Kwa ngozi siipendi, inavuta wekundu, na ukiipa mwanga mdogo vivuli vyake vinageuka bluu.

Na hili la ngozi vijana mlijue vizuri. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wanapeleka kwenye maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi waliiita Shirley, mashine ya kuchapa ilipangwa mpaka yeye atoke vizuri. Miaka na miaka watu weusi wametoka kwenye picha za rangi hawana sura na wakaambiwa ngozi yao ndo tatizo. Mkanda wa siku hizi umeboreshwa mno lakini fundi bado anaweza kukuharibia kwenye skana, kwa hiyo unapopeleka mwambie aangalie nyuso kwanza, asiangalie anga.

Mswahili wa Leicester
Wakuu mimi niseme ya safari maana hapo ndo watu wanapoteza mikanda. Mwambie shemeji ASIWEKE mikanda kwenye begi la kupakia chini, zile mashine ni kali zinaunguza mkanda wowote. Abebe mkononi kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, aitoe kwenye makopo yake, na akifika kwenye ukaguzi aombe ikaguliwe kwa mkono. Siku hizi Heathrow kuna zile mashine mpya za CT zenye mionzi mikali, kelele za zamani kwamba chini ya ASA 800 uko salama hazifanyi kazi kwenye hizo, hata mkanda wa 200 unaingia ukungu.

Joto: mikanda ikae friji la nyumbani mpaka siku ya safari, ila ukiitoa usifungue kopo hapo hapo, iache masaa kadhaa ipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa unakuwa matone juu ya mkanda. Kwenye gari usiiache kabisa, dashibodi ya mchana ni tanuri. Tafuta pakiti za silika zile za kwenye viatu vipya uweke kwenye begi la kamera, unyevu wa pwani unaotesha ukungu kwenye lenzi. Na mkanda uliokwisha kupigwa ndo dhaifu zaidi, ukirudi Moro peleka ukasafishwe wiki hiyo hiyo.

Mdau_wa_Moro
Asanteni sana, hii ya kupima usoni nimeshaanza kuijaribu hapa nyumbani bila mkanda, na kweli sindano inatofautiana sana na nikiwa mbali. Basi naagiza Gold 200 minne. Sasa Jozani na Forodhani ndo 200 haitoshi au?

BintiShangani
Haitoshi. Jozani chini ya miti ni giza hata saa nne asubuhi na kima hawatulii, na usiku Forodhani una taa za meza za chakula tu. Ongeza Portra 800 mmoja, ufungue f/2 kwa 1/60 ukiwa karibu na taa za wauza urojo na mishikaki utapata kitu. Bei yake imechangamka lakini mmoja unatosha, panga Jozani na Forodhani siku moja uumalize.

Mzee wa Chumba cha Giza
Na kama bado kuna nafasi ongeza HP5 mmoja wa nyeusi na nyeupe kwa ajili ya Mji Mkongwe. Vile vichochoro, ukuta mmoja jua mwingine kivuli, milango ya nakshi, rangi inasumbua tu pale. Kabla hujaanza kupiga pitia Capital Art Studio pale barabara ya Kenyatta, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, uone wenzetu walivyoiona Zanzibar kwa nyeusi na nyeupe. Ukikosa pa kuusafishia nitafute inbox nikuelekeze, dawa zake zinataka nyuzi 20 na maji yetu ya bomba yanapita hapo, kwa hiyo chupa zinakaa kwenye beseni lenye barafu, ni kazi ya jioni moja.

Jambo la mwisho, K1000 haina swichi ya kuzima mita, usipopiga rudisha kifuniko cha lenzi, la sivyo betri itakufia katikati ya safari. Beba LR44 za akiba, Pemba usitegemee kuzipata.