Kampuni ya kujaza klemu za bima imenitia hasara ya mamilioni, na bado inanidai kamisheni

Wakuu salaam. Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa kero za bima. NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) leo sina ugomvi nao kabisa. Ugomvi wangu ni na hawa ndugu wanaopita kwenye zahanati zetu na mashati yaliyopigwa pasi na laptop kwapani, wanakuambia "Dokta, wewe tibu tu, makaratasi tuachie sisi."

Nina zahanati ndogo Morogoro. Matabibu wawili, maabara, dirisha la dawa, mapokezi, basi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa ni wa kadi. Miaka yote klemu, yaani madai ya malipo tunayopeleka bima, alikuwa anaziandaa dada wa mapokezi. Ikikaribia mwisho wa mwezi anajifungia na rundo la fomu za 2A na 2B, anazipanga kwa namba za folio, fomu isiyo na saini ya mgonjwa au ya tabibu anamrudishia mhusika na maneno makali juu. Kukatwa na bima tulikuwa tunakatwa, sidanganyi, ila ni laki mbili, laki tatu, mambo ya kibinadamu. Mwanzoni mwa 2024 akaenda likizo ya uzazi. Mimi na akili zangu nikasema badala ya kutafuta mtu wa muda, ngoja niwape wataalamu.

Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia wakuu.

Mkataba ulisema asilimia 6 ya klemu. Nikaona nafuu, nikasaini. Kilichonimaliza ni neno moja lililofuata pale: ZILIZOWASILISHWA. Siyo zilizolipwa. Yaani wao wakishabonyeza kutuma, chao tayari. Bima ikate nusu, ikate zote, hiyo ni shauri yangu.

Piga hesabu ya mwezi wa tano. Waliwasilisha milioni 11 na laki 4, wakachukua kamisheni 684,000. Hela iliyoingia benki ni milioni 6 na laki 9. Milioni 4 na nusu imekwenda na maji, na ile asilimia 6 ukiipima kwa hela iliyoingia kweli ni karibu asilimia 10.

Nikaomba ripoti ya makato. Wiki tatu nazungushwa. Ilipokuja nikakaa na tabibu wangu usiku, mafaili mezani, tunalinganisha moja moja. Kuna mzee mmoja wa presha, anakuja kila mwezi kuchukua amlodipine, faili lake limenenepa kama Biblia. Kwenye klemu wamemwandikia kodi ya ugonjwa J06.9. Hiyo ni mafua, wakuu! Sasa mhakiki wa bima akate asikate? Hata mimi ningekata. Tukaendelea. Kila mwenye homa wamempa B54, malaria, hata yule ambaye mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, imetoka negative na majibu yamebanwa pini nyuma ya fomu ile ile. Tabibu wangu alikuwa ameandika UTI kwa mkono wake, unasomeka vizuri tu. Mtu alikuwa anajaza bila kufungua ukurasa wa pili.

Halafu bei. Kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei wanazolipa, kilianza tarehe 1 Machi 2024. Nchi nzima ilikuwa inaongea hicho kitu, hospitali binafsi zimegoma kupokea kadi, kila redio ni kitita kitita. Hawa "wataalamu" mpaka mwezi wa tano programu yao ina bei za zamani. Palipo na bei mpya ya chini tumekatwa, palipo na bei mpya ya juu tumejipunja wenyewe, na hiyo ya kujipunja hakuna atakayekuja kukurudishia.

Nikampigia kijana wao. "Dokta wangu, usipate presha, makato ni jambo la kawaida." Nikamwambia basi rekebisheni klemu tuyapinge makato, vielelezo vyote ninavyo. Anasema kufuatilia klemu zilizokatwa ni huduma nyingine, ina ada yake. Nilikata simu, nisingekata ningetukana mbele ya wagonjwa.

Na hili ndilo linaninyima usingizi: fomu zilikuwa zinapigwa picha na kutumwa kwenye grupu la WhatsApp. Jina la mgonjwa, namba ya kadi, ugonjwa, dawa. Nimeingia kuangalia, grupu lina watu 14, ninaowajua ni watatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, na mgonjwa akishtaki hatamtafuta yule kijana wa laptop, atakuja kwangu. Vivyo hivyo bima wakiona malaria hewa kila ukurasa. Mkataba na Mfuko nimesaini mimi, muhuri ni wangu. Kampuni hawaijui.

Nimetaka kuvunja mkataba, wanadai notisi ya miezi miwili. Paswedi ya kutumia klemu wanayo wao, barua pepe waliyosajilia ni yao. Ndiyo, nilikubali mwenyewe, msinianze.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie: kuna anayefanya kazi na watu wanaolipwa kwa kilichoingia benki tu, na wanaofuatilia makato bila kudai hela nyingine? Waje PM, ila waje na ripoti za makato za mteja wao mmoja, majina yamefutwa. Maneno matamu nimeshayasikia ya kutosha. Na mwanasheria aliyewahi kuvunja mkataba wa aina hii, tafadhali.

Dada wa mapokezi nimempigia jana. Amecheka kwanza, mtoto analia nyuma, halafu akaniuliza, "Dokta, fomu zenyewe lakini mnazo?" Anarudi mwezi ujao.

EDIT: Nikiwa nahariri hapa imeingia ankara yao ya mwezi huu. Wameweka na kiemoji cha mikono ya shukrani.