Mjadala: Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, kiuno kikimuuma miezi na miezi, apewe diklofenaki au asiiguse kabisa?

Kisimani
Wakuu, hili tuliongee. Mtu kafanyiwa baipasi ya tumbo, kapungua kilo 40, ila kiuno kinamuuma mwezi wa nne sasa. Akienda duka la dawa anapewa diklofenaki. Kuna wanaosema dawa za maumivu za jamii hiyo, yaani diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, zipigwe marufuku kwa watu hawa maisha yao yote. Kuna wanaosema huko ni kutishana, maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umezitaja kati ya dawa zinazoweza kutumika. Ninyi mnasemaje?

Nanga
Marufuku, na sina cha kujadili hapo. Kwenye baipasi tumbo linakatwa, kinabaki kifuko cha mililita 30 hivi, nacho kinashonwa moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Tena si mwanzo wa utumbo, pale penye bikaboneti ya kuzima asidi, bali sehemu ya mbele zaidi isiyo na kinga hiyo. Sasa leta diklofenaki: inazima prostaglandini, ambazo ndizo zinazotengeneza ute na kupeleka damu kwenye ukuta wa tumbo. Kidonda kinachimbika palepale kwenye mshono. Kinavuja damu, na kikitoboka mtu anarudi mezani kwa dharura. Akiwa mvuta sigara ndiyo balaa zaidi.
Ule mwongozo wa WHO umeandikwa kwa watu wazima kwa jumla, si kwa tumbo lililoshonwa upya.
Na tatizo kubwa ni wauza dawa wetu. Hawaulizi kitu, sindano inachomwa, pesa inaingia.

Dawa Baridi
Nanga umefundisha vizuri mpaka ulipofika kwetu. Mteja anafika kaunta anasema "nipe diklo kumi". Hajasema amepasuliwa. Upasuaji wenyewe ni wa matundu manne au matano ya kama sentimita moja, yako chini ya nguo. Tuyaone kwa macho gani? Anayejua mgonjwa kakatwaje ni daktari aliyemkata. Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa kwa kifupi cha herufi nne ambazo mgonjwa mwenyewe hawezi kuzisoma, halafu lawama inashuka kwa mtu wa mwisho kwenye foleni.

Nahodha77
Mbona mnachanganya mambo? Sindano haipiti tumboni. Ndiyo maana wenye vidonda vya tumbo huchomwa badala ya kumeza.

Mama Nuru
Nahodha, kaka yangu, hiyo kauli imeumiza watu wengi. Kidonda hakiletwi na kidonge kukwaruza ukuta. Kinaletwa na dawa ikishakuwa kwenye damu. Sindano ya tako inaingia kwenye damu, ya kupachika nyuma inaingia, yote yanafika kwenye mshono uleule. Ndugu zake ketorolaki na piroksikamu ni hivyohivyo. Selekoksibu, nayo ya jamii hiyo, hatari yake ni ndogo zaidi, lakini haijawa sifuri.
Kinachotofautiana kweli ni jeli ya kupaka. Inayoingia kwenye damu ni karibu asilimia 6 tu ya ile ya kumeza. Ila tuseme ukweli wote: jeli inasaidia zaidi goti na vidole, ambako kiungo kiko karibu na ngozi. Misuli ya kiuno iko chini sana.

Nanga
Dawa Baridi, sikusema wote. Lakini kuuliza "umewahi kupasuliwa tumbo?" kunachukua sekunde tatu.

Dawa Baridi
Umesema "hawaulizi kitu". Maandishi yako yapo hapo juu. Na swali lako lenyewe halitoshi, maana ukiuliza "umepasuliwa tumbo?" mtu aliyezaa kwa upasuaji anasema ndiyo, na wa baipasi anasema "hapana, mimi nilipunguzwa uzito tu". Swali linalofanya kazi ni hili: "Umewahi kufanyiwa chochote cha kupunguza unene, puto au kukatwa tumbo?" Puto kama yale yanayowekwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, si upasuaji, lakini likiwa bado tumboni dawa hizi zinaongeza hatari ya kidonda vilevile.
Mtego mwingine ambao madaktari hawausemi ni vidonge vya mchanganyiko. Mgonjwa kaambiwa "tumia panadol tu", anapewa kidonge chenye paracetamoli na diklofenaki pamoja, anaamini ni panadol kali. Vidonge vingi vya kichwa vina aspirini ndani. Geuza pakiti, soma maandishi madogo ya upande wa nyuma, pale penye miligramu. Yakiwepo majina mawili au matatu, simama kwanza.
Na paracetamoli yenyewe ina kikomo: vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ini bovu au chini ya kilo 50, pungufu ya hapo.

Nahodha77
Kwa hiyo wabaki na panadol maisha yote? Paracetamoli haigusi kiuno sugu, mnajua. Wapeni tramadoli basi.

Mama Nuru
Mwongozo uleule wa WHO umekataa dawa za jamii ya afyuni, tramadoli ikiwemo, kwa kiuno sugu. Na huyu mgonjwa anakula kidogo, anakunywa maji kidogo, choo chake tayari ni kigumu. Tramadoli inakikaza zaidi, akijikamua kiuno kinazidi. Bado sijataja uraibu.

Fundi wa Viungo
Jamani mnagombania kaunta, kiuno cha mtu bado kinauma.
Mtu akishuka kilo 40 haraka, zilizoondoka si mafuta peke yake. Kati ya robo na theluthi hivi inaweza kuwa misuli na vitu vingine visivyo mafuta, pamoja na ile inayoshika pingili za mgongo. Mzigo umepungua, na nguzo nazo zimekonda. Kwa hiyo kwanza protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 22. Kwenye sahani vianze hivyo, ugali uje mwisho.
Halafu zoezi. Lala chali, kunja magoti, nyayo sakafuni. Kaza tumbo kama unayesubiri kupigwa ngumi, kisha inua makalio mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini. Hesabu sekunde 5, shuka taratibu. Mara 10, pumzika, rudia mpaka mizunguko mitatu, siku nne au tano kwa wiki. Wanapokosea ni kuinuka kwa kupinda kiuno badala ya kukaza makalio; ukisikia kiuno ndicho kinachofanya kazi, shuka, anza upya kwa kimo kidogo. Nyama za nyuma ya paja zikibana, visigino viko mbali mno, vivute karibu na makalio. Ongeza kutembea, dakika 10 kwanza, kisha 30. Wiki sita za mwanzo baada ya upasuaji, acha ndoo na magunia.
Mkanda wa mgongo WHO haiupendekezi. Isipokuwa ngozi ya tumbo inaning'inia na kuvuta mwili mbele: vazi la kuibana hiyo ngozi ni jambo jingine, linasaidia.

Nahodha77
Mkanda usiseme. Watu wanabebea mizigo sokoni miaka kumi kwa mkanda.

Fundi wa Viungo
Wa sokoni anauvaa saa ya kubeba. Mgonjwa anauvaa kutwa nzima, misuli inalala. Tofauti iko hapo, ndugu.

Mama Nuru
Kabla ya zoezi, pimeni mifupa. Baipasi inapunguza ufyonzaji wa kalisiamu na vitamini D. Vikikosekana, mwili unaichota kalisiamu kutoka mifupani. Dalili zake: maumivu ya kina kiunoni na kwenye nyonga, mfupa wa muundi ukiubonyeza kwa kidole gumba unauma, kuinuka kwenye kiti mpaka ushike meza. Huyo hata ukimpa diklofenaki kilo nzima hutibu kitu. Apimwe vitamini D, kalisiamu, homoni ya parathairoidi na vitamini B12. Miguu ikiwa na ganzi, hiyo B12 isisubiri.
Kalisiamu iwe ya sitreti, miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, miligramu 500 au 600 kwa dozi, kwa sababu mwili haupokei nyingi kwa mkupuo. Ya kaboneti inahitaji asidi, na mgonjwa huyu asidi hana ya kutosha, tena huenda yuko kwenye omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi. Iwe mbali na madini ya chuma kwa saa mbili. Vitamini D3, uniti 3,000 kila siku, kisha kipimo kiongoze.

Kisimani
Na wa sliivu, aliyekatwa tumbo likabaki umbo la ndizi?

Nanga
Huyo hana mshono wa tumbo na utumbo, hatari yake ni ndogo. Wapo wapasuaji wanaomruhusu siku chache akifunikwa na omeprazoli. Nakubali, "marufuku" yangu ni ya baipasi.
Ila kuna mgongo usio mgongo. Wa baipasi akila, tumbo likamsokota na maumivu yakachoma mpaka mgongoni, yanakuja na kuondoka, hilo laweza kuwa utumbo ulioponyokea kwenye pengo lililobaki ndani. Anahitaji picha ya CT siku hiyohiyo na mpasuaji aiangalie, maana utumbo ukikosa damu unakufa. Maumivu chini ya bega la kulia baada ya mafuta: tazama mawe ya nyongo, wanaopungua haraka huyapata sana. Na mkojo ukigoma, au ganzi sehemu anayokalia, ni hospitali usiku huohuo.

Dawa Baridi
Basi hayo yaandikwe mgonjwa atembee nayo, nasi kaunta tutasoma. Kwa Kiswahili.

Nanga
Haya. Kadi ya ukubwa wa kitambulisho: "Nimefanyiwa baipasi ya tumbo, mwezi fulani, mwaka fulani. Usinipe diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, meloksikamu wala piroksikamu, kwa kidonge, kwa sindano wala kwa kupachika. Paracetamoli ninaruhusiwa." Chini, simu ya aliyempasua.

Dawa Baridi
Ongeza "wala vidonge vya mchanganyiko". Hapo nitaibandika ukutani.