Tupeane uzoefu: mission yako ya kwanza ilikuonyesha nini ambacho hukwenda nacho?

Wakuu habari za jumapili. Nimetoka kanisani sasa hivi, vijana wa fellowship wanajiandaa kwenda mission likizo hii na wanagombania nani ahubiri siku ya kwanza, nikacheka maana nilikuwa hivyohivyo. Naanza mimi.

2022, nipo mwaka wa pili chuo, tukaenda Simanjiro wiki moja. Ule ndo mwaka wa ukame, unapita njiani unaona mizoga ya ng'ombe tu. Mimi nina somo langu nimeliandaa kabisa, Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Yeyo (ndo mama kwa Kimasai) tuliyefikia kwake akanipa ndoo ya maji nioge, nikaoga kama niko hosteli, nywele nikaosha, yaliyobaki nikamwaga, hakusema kitu. Kesho yake alfajiri nikajifanya namsindikiza kuchota maji, yeye na punda wake, tumetoka giza tumerudi saa tano jua linachoma, madumu manne tu ya lita 20. Njiani nikapiga hesabu, ile ndoo yangu ilikuwa dumu zima. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni mzee akaanza kutuhesabia ng'ombe wake, walikuwa 40 wamebaki 6, anawataja waliokufa mmoja mmoja kwa rangi zao. Biblia nilikuwa nimeshaifungua, nikaifunga. Wale rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya, walipofungua midomo ndo wakaharibu, sasa hilo kwenye notsi zangu halikuwepo.

---

Haha sisi wa CU (Christian Union) tulienda Turkana na magunia ya nguo tulichangisha Nairobi, kufungua pale Lodwar ni masweta na makoti ya baridi matupu! Na joto ya huko unang'ang'ania kivuli na mbuzi. Mzee mmoja akashukuru vizuri tu, akalowesha sweta akafunga nayo mtungi ndio maji ikae baridi. Hakuna mtu kwetu alikuwa ameuliza wanahitaji nini.

---

Naomba niongee kama mwenyeji maana mimi nilikuwa upande wa kupelekewa. Niko darasa la tano, kwetu Ukerewe, wageni wa injili wakaja wakanigawia daftari na kunipiga picha, cheka, cheka tena. Picha waliituma baadaye kanisani, ukiangalia vizuri nyuma yangu turubai la msiba wa bibi bado limefungwa na hakuna aliyeuliza la nini. Kuna dada mmoja tu alikaa na mama anamenya naye mihogo mchana kutwa, sidhani hata kama alihubiri, ila mama anamuulizia mpaka leo.

---

Mkuu umenigusa pabaya. Sisi pia tulipiga picha nyingi sana Simanjiro, na namba ya yule yeyo sikuchukua. Wengine leteni.