Dereva aliyelewa adaiwe gharama za uokoaji?

Ndugu zangu, mchangiaji wa kwanza ameuliza kwa nini dereva aliyelewa akagonga nguzo Barabara ya Mandela usiku wa manane asidaiwe gharama za gari la zimamoto lililokwenda kumkwamua, na mwingine akamjibu kwamba uokoaji ni huduma ya umma, hauuzwi. Mimi naunga mkono adaiwe, ila kwa masharti, na yasipokuwepo nitakuwa upande wa wanaopinga.

Jimbo la California nchini Marekani lina sheria inayoziruhusu taasisi za umma kumdai mtu ambaye uzembe wake wa kuendesha akiwa amelewa umesababisha tukio la dharura, na dai haliruhusiwi kuzidi dola 12,000 kwa tukio moja. Kiwango cha kileo kule ni asilimia 0.08 katika damu, sawa na chetu hapa Tanzania chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Naipenda sheria hiyo kwa kuwa inadai zile gharama zilizotokana moja kwa moja na tukio husika. Nisichokubali ni jinsi inavyojumlisha mishahara ya waliofika, kwa sababu askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji angelipwa mshahara wake hata kama usiku huo asingetoka kituoni. Kwetu yadaiwe mafuta ya gari, povu lililomwagwa na kifaa kilichoharibika wakati wa kukata mlango.

Kuhusu hoja ya kwamba huduma haiuzwi, mwenye duka Kariakoo hulipa tozo ya ukaguzi wa kinga ya moto hata kama duka lake halijawahi kuungua, na sioni kwa nini aliyejiletea ajali kwa ulevi asichangie chochote.

Hofu yangu kubwa iko kwenye simu ya 114, namba ya dharura ya zimamoto. Abiria aliyebanwa ndani ya gari, au mwendesha bodaboda aliyesimama kusaidia, akihisi kwamba kupiga simu kutazaa deni, atasita, na watu watamvuta majeruhi kwa mikono, mgongo ukiwa umevunjika, wampakie kwenye bajaji kuelekea Muhimbili. Wengi wetu tumeshuhudia watu wakiulizana habari za PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, huku damu inavuja. Kwa hiyo askari wa uokoaji asitaje fedha kabisa eneo la ajali. Dai lifunguliwe baada ya mahakama kumtia dereva hatiani, na lilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Aliyepiga simu, abiria na familia ya dereva aliyefariki wasiguswe. Fedha nazo zirudi kununua vifaa vya uokoaji, kwa maana zikiishia Mfuko Mkuu wa Serikali kituo kilichotoa povu kitabaki bila povu.

Linalonisumbua bado ni daladala na malori, ambako dereva anapeleka hesabu kwa tajiri na gari si lake. Naelekea kusema adaiwe dereva, kwa kuwa yeye ndiye aliyekunywa, isipokuwa ithibitike kwamba mmiliki alimwona amelewa akamkabidhi ufunguo. Walio kwenye biashara hiyo watueleze kama uthibitisho wa namna hiyo unaweza kupatikana.