Ushauri: tunakwenda ziwani na watoto, maboya ya upepo yanatosha?

Mama_Wawili
Habari zenu wadau. Tumepanga kwenda na familia ufukweni mwa ziwa, yale makubwa kabisa ambayo ng'ambo haionekani, mtoto mmoja ana miaka 5 mwingine 9 na bibi yao naye anakuja. Baba yao anasema ziwa sio bahari, tusiwatishe watoto, ila mimi roho inakataa. Nimeshanunua maboya ya kujaza upepo. Yanatosha jamani?

nahodha_mstaafu
Mama, sikiliza roho yako. Mawimbi ya ziwa kubwa yanakuja mafupi mafupi yamefuatana, hujavuta pumzi lingine limeshakufika usoni, na maji yale hayana chumvi kwa hiyo hayakubebi kama bahari inavyokubeba. Ziwa Superior kule Amerika Kaskazini liliizamisha Edmund Fitzgerald kwenye dhoruba ya tarehe 10 Novemba 1975, meli ya mita 222, mabaharia wote 29 wakafa. Sembuse mtoto wa miaka 5.

Hayo maboya ni midoli, yaacheni nyumbani. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda ziwani, pale mlipokaa maji yanakuwa yametulia tuli, kumbe boya linasukumwa taratibu, mtoto anacheka tu, mkija kushtuka yuko mbali na baba anaogelea kumfukuzia, hapo ndo tunapoteza wawili. Tafuta laifu jaketi ya saizi yake yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mvalishe, funga, halafu mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi, ikipanda mpaka masikioni hiyo ni kubwa, rudisha.

nesi_wa_zamu
Naongezea hapo kwa nahodha. Watu wanasubiri kelele za "nakufa", hakuna kitu kama hicho, mtoto anayezama mdomo unazama unaibuka, kichwa kimelala nyuma, mikono inakandamiza maji chini kama anataka kupanda ngazi, na hapo anapambana kupata hewa hana sauti ya kuita. Mtu wa mita tano anaona anacheza. Kwa hiyo huyo wa miaka 5 mtu mzima awe anaweza kumgusa akinyoosha mkono tu, muda wote, simu iko kwenye begi.

Mkimtoa hapumui, mpulizieni pumzi kwanza ndipo mkandamize kifua, maana aliyezama amekosa hewa. Na hata akizinduka akawa anakohoa kohoa, hospitali siku hiyo hiyo.

Mama_Wawili
Asanteni sana, nimesoma mpaka mwili umesisimka. Na mvua je? Na hayo mambo ya kichocho?

nahodha_mstaafu
Ukisikia radi tu, hata kama juu yenu jua linawaka, wote nje ya maji, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kichocho kipo Victoria, Tanganyika, Nyasa na kwingineko kwenye joto, konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, mkiogelea huko nendeni mkapime baada ya wiki 6 hadi 8 hata kama hamuumwi. Wavuvi wa hapo waulizeni pia mamba na viboko wanapita wapi, na wapi kina kinashuka ghafla.

nesi_wa_zamu
Halafu bibi kama hajui kuogelea msimwachie watoto hata mkienda tu kuchukua chakula kwenye gari. Watoke kwanza majini, wakae mchangani.